Kipande Kilichonyimwa Mbolea

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na habari za udongo nitajificha nyuma yake, na hilo nimeshawahi kulifanya. Miaka kumi hivi baada ya Uhuru, mbele ya chifu, bwana afisa wa kilimo na umati wa majirani, nilimtuhumu wizi mama mmoja mjane wa kule juu ya Karatina. Neno lenyewe, wizi, sikulitamka. Nilitumia maneno ya adabu, ya mtu aliyesoma, na kila aliyekuwapo alielewa nilichokusudia.

Nilikuwa msaidizi wa kilimo, mwanamke peke yangu katika tarafa nzima. Kwetu ni Kangema, kwenye majani chai, lakini kazi ilinipeleka upande wa Nyeri nikapanga chumba Karatina karibu na stesheni ya gari la moshi. Nilivaa suruali ya kaki na gambuti, na wanaume wa ofisini waliniita Madam huku wakikonyezana; baadhi ya wakulima waliniita mwalimu. Bwana afisa, mkubwa wangu, alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mpole asiyepaza sauti. Siku aliyonikabidhi kazi ya majaribio aliniambia, "Dada, hii ni kazi ya vipimo. Usiniletee hadithi." Masikio yaliniwaka moto. Mimi nina hasira za karibu, hata wajukuu wangu wanajua wasinichokoze kabla sijanywa chai. Nikaapa kimoyomoyo kwamba vipimo vyangu vitakuwa safi kuliko vya mwanamume yeyote Nyeri nzima.

Kazi ilikuwa hivi. Watu walikuwa wameanza kufuga ng'ombe wa gredi, wale wa asili ya kizungu, na ng'ombe wa gredi hashibi nyasi za kando ya barabara. Tuliwahimiza wapande desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe unaotambaa chini, majani yake yananata kwenye nguo, na ng'ombe akiula maziwa huongezeka. Mmea huu una akili: hujitafutia naitrojeni hewani kwa vile vinundu vya mizizi. Lakini bila mbolea ya fosfeti vinundu havifanyi kazi, na mmea unadumaa, majani yakawa madogo na shina likageuka zambarau. Na udongo wetu mwekundu, huu unaopendeza macho, ni mchoyo. Una uchachu, na ukiutilia fosfeti kidogo huikamata, mizizi isipate kitu. Udongo mweusi wa uwandani, upande wa Naro Moru, hauna tabia hiyo, ila mvua ikinyesha unasimamisha maji mpaka mizizi inaoza. Sisi tulitakiwa kujua ni fosfeti kiasi gani inatosha katika kila aina ya udongo.

Basi kila shamba la majaribio tuliligawa vipande vinne. Cha kwanza hakikutiwa kitu, ndicho cha kulinganishia. Cha pili kilitiwa fosfeti kidogo, cha tatu zaidi, cha nne zaidi tena. Baada ya miezi kadhaa tungekata majani na kuyapima kwa mizani.

Nilipotafuta shamba la udongo mwekundu lililo karibu na barabara, chifu alinipeleka kwa yule mama. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa mwili, asiye na maneno mengi. Kila asubuhi wanawake wa kilima kile walileta maziwa kando ya barabara kungoja lori, na yeye ndiye aliyeshika mkebe wa kupimia. Alipokea maziwa ya kila mtu, akamimina, akapima, akatangaza, na hakuna aliyewahi kunung'unika kwamba amepunjwa. Watu waliokosana mambo ya mipaka na ya mahari walipanga foleni moja mbele ya mkebe wake. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa haba. Mkebe ule ndio uliokuwa heshima yake, na chifu alinichagulia shamba lake kwa sababu hiyo. "Huyu hatakudanganya," aliniambia.

Tulipanda mvua ndefu zilipoanza. Nilikiweka kile kipande kisicho na mbolea juu kabisa, kwenye tambarare, kama nilivyofundishwa chuoni, ili maji ya mvua yasiteremshe fosfeti ya vipande vingine kuja kwake. Pale juu palikuwa pameota thabai, yale majani yanayowasha. Nikayang'oa kwa mikono yangu, nikajikuna siku mbili. Yeye alisimama kando akiniangalia, kisha akauliza, "Na hiki cha juu kitakula nini?"

"Hakili kitu, mama. Hiki ni cha kulinganishia."

"Kwetu hatupakulii watoto watatu tukamwacha wa nne."

Nilicheka. Nikamweleza, kwa ile sauti ya kuwaeleza watu wazima kama watoto niliyokuwa nayo siku zile, kwamba akikihurumia ataharibu kazi ya serikali. Akasema amesikia. Gunia moja la mbolea lilikuwa limekwisha, nikampa akalifue ajishonee aproni. La pili lilibaki nusu. Nikalifunga mdomo kwa kamba na kuliacha ghalani kwake hadi msimu wa pili.

Mashamba mengine yaliota kama kitabu kilivyosema. Kipande cha kwanza kilidumaa, cha nne kikashamiri. Kwa yule mama kipande cha juu, kile kilichonyimwa, kiliota mpaka kikafunika magoti yangu, na vile vitatu vilivyotiwa mbolea vikakifuata kwa mbali. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani nimechanganya vigingi. Nikahesabu upya, nikapima upya, mambo yakawa yale yale. Siku moja nikamkuta amepiga magoti katikati ya kipande hicho akipalilia. "Nakisaidia hiki," akasema, "kisijione kimeachwa." Hapo ndipo shaka iliponiingia, nami nikaikaribisha ikae. Bwana afisa sikumwambia lolote. Wiki nyingi nilinyamaza nikitumaini kwamba majani yatapungua yenyewe, upuuzi mtupu, huku siku ya maonyesho ya wakulima imeshapangiwa shamba lile lile kwa kuwa lilikuwa karibu na barabara.

Siku ikafika. Chifu alikuja na fimbo yake, bwana afisa na mgeni wake kutoka Nairobi, na wakulima wakajaa mpaka kwenye ua. Yule mama alikuwa amefagia uwanja wote na kuvaa kitambaa safi cha kichwa, na juu ya gauni alikuwa na aproni ya lile gunia. Nikaanza kueleza nikitoka kipande cha chini kwenda juu, huku natamani kilima kiishe kabla sijafika. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu hakuningoja. Alimgeukia bwana afisa akamwambia kwa Kiswahili chetu cha huku, "Bwana Afisa, ati hii mbolea ya serikali inafanya majani inakuwa fupi? Basi mimi ndio mkulima bora. Shamba yangu yote haijawahi kuona hiyo kitu."

Watu waliangua kicheko. Mgeni wa Nairobi alitabasamu akaandika kitu. Bwana afisa aliinama karibu nami akauliza taratibu, "Dada, kuna nini hapa?"

Ningeweza kujibu kwamba sijui. Ndiyo iliyokuwa kweli, na ni neno fupi. Lakini niliona vipimo vyangu vinageuka hadithi mbele ya macho yake, nikawaona wanaume wa ofisini wakikonyezana, na hasira zangu zikanitangulia. Nikamgeukia yule mama na kusema kwa Kikuyu, kwa sauti ya kutosha, ili hata aliye uani asikie.

"Mama, sitaki kukuaibisha mbele ya wageni, lakini sema kweli. Siku ya kupanda uliniambia unakihurumia kipande hiki. Mbolea iliyobaki niliiacha ghalani kwako. Na hilo gunia ulilovaa, ndani yake mlikuwa na nini?"

Gunia nilimpa mimi mwenyewe. Nilijua hilo wakati nasema, na bado nikasema.

Kicheko kilikatika. Yule mama aliniangalia, akaangalia upande wa ua ambako wanaume kadhaa walikuwa wamesimama, kisha akatazama chini. "Mimi sikuhamisha kitu, mwalimu," akasema. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Mimi nikaona huyo ni mtu aliyenaswa. Bwana afisa alipouliza mama anasema nini, nilimjibu kwa Kiswahili, "Mkulima hakufuata maagizo." Nilijisikia nimeokoka. Kusema kweli nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonichoma leo kuliko hata maneno.

Ghala lilikuwa hatua ishirini kutoka pale tuliposimama. Lile nusu gunia lingeweza kuletwa likapimwa mbele ya watu wote, na mizani nilikuwa nayo begani. Mwenye kujigamba kwa vipimo hakupima.

Hazikupita wiki mbili nikapita barabarani asubuhi, nikawaona wanawake kwenye kituo cha maziwa. Mkebe ulikuwa mkononi mwa mwingine, mke wa kijana wa duka. Hapakuwa na mkutano wala kura. Yule mwingine aliwahi tu kufika siku moja akaushika, na hakuna aliyemwambia auachie. Mama yangu wa majaribio alikuwa kwenye foleni na kibuyu chake kidogo, wa nne au wa tano, akingoja kupimiwa. Niliinua mkono kumsalimu. Aliitikia kwa heshima, nami nikaharakisha mwendo kama mtu aliyeitwa.

Baada ya mavuno bwana afisa alitaka udongo wa kila shamba upelekwe Nairobi kupimwa, tukaenda naye kuchimba. Kwenye kipande cha juu koleo lilishuka bila shida, udongo ukawa mweusi badala ya mwekundu. Kina cha mkono hivi tukakuta majivu. Chini ya majivu kulikuwa na samadi ya kale iliyoshindiliwa kama sakafu, mifupa ya mbuzi, vigae vya chungu, na nusu ya jiwe la kusagia. Bwana afisa alichuchumaa akavunja bonge la udongo vidoleni, akacheka kidogo. "Dada, ulipanda kwenye boma la watu. Fosfeti ya hapa ni ya miaka mingapi? Si ajabu mbolea yetu imeonekana si kitu." Kisha akapangusa mikono. "Hili shamba lifute kwenye ripoti. Andika tu eneo halifai."

Nilisimama kando ya shimo nikiona haya hata kumtazama. Mimi ni mtoto wa Kangema. Mama yangu alipotafuta mahali pa kupanda maboga alifuata thabai, maana thabai huota palipokuwa na watu na mifugo, jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua. Niliyang'oa kwa mikono yangu, nikajikuna, nikaenda zangu kutafuta jibu kwenye kitabu. Na pale juu kwenye tambarare ndipo watu wetu hujenga siku zote, wakaacha mteremko kwa kulima. Niliingia ghalani peke yangu. Nusu gunia lilikuwa palepale, fundo la kamba ni lile lile nililofunga mimi. Nikalipima. Halikupungua hata konzi moja.

Siku iliyofuata nilirudi peke yangu. Nilimkuta jikoni, akanipa kigoda na bakuli la uji kabla sijasema neno. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, kwamba tumechimba na tumeona. Nikamuuliza, karibu kwa kumlaumu, kwa nini hakusema siku ile kwamba pale palikuwa boma.

Alichochea moto kwanza. "Unawajua waliokuwa pale uani?" akauliza. Nikasema siwajui. Akaniambia kwamba mmoja wao, yule mrefu wa koti la kijani, alizaliwa kwenye boma lile. Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowakusanya watu vijijini kwa nguvu, nyumba za mamake zilichomwa. Mwanamume huyo alikuwa kizuizini mashamba yalipounganishwa, vile vipande vilivyotawanyika vya kila mtu vikapimwa na kuwekwa pamoja, na asiyekuwapo hakuwa na wa kumsemea. Alipotoka alipewa kipande cha mawe kule ng'ambo ya mto. Tambarare ya mamake ilikuwa imeangukia kwa mume wa huyu mama, ambaye hakuiomba wala hakuikataa. Tangu hapo watu wa nyumba hizi mbili walisalimiana, walizikiana wafu, walikaa benchi moja kanisani, na neno la boma halikutajwa kamwe.

"Ningesema nini, mwalimu? Nisimame mbele yake na mbele ya chifu niseme majani yangu yamenona kwa samadi ya mbuzi wa mama yake?" Alisema bila ukali wowote. "Nilimwona ananiangalia. Naye alijua. Tukanyamaza wote wawili."

Nililia. Nikasema tena nisamehe, mama, nikayasema yote kwa Kikuyu, na nikayasema kwa moyo, Mungu anajua. Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Ulinitukana uwanjani, unaniomba msamaha jikoni. Hapa jikoni mimi na wewe tu ndio tunaosikia."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema nije asubuhi kwenye maziwa, wanawake wakiwapo wote, niseme kwamba nilikosea na kwamba yeye hakuchukua kitu. Basi. "Ya udongo uyaache," akasema, "yataamsha mambo ya watu. Useme tu ulikosea." Nikaahidi. Alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono, na njiani kurudi mjini nilijiona mtu mwema kabisa.

Zilipita siku tisa kabla sijaenda kutimiza ahadi yenyewe. Muda si mrefu baadaye nilihamishiwa Kerugoya, sikurudi tena kilima kile, na mkebe sijui uliishia mkononi mwa nani. Mume wangu amefariki bila kujua habari ya asubuhi hiyo ninayotaka kuisema sasa.

Nilitoka mjini mapema, nikapanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wanawake waliniona tangu nilipokata kona ya chini, wakanitazama muda wote niliopanda ule mteremko, na yule mama alikuwa kati yao na kibuyu chake. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha kichwa cha siku ya maonyesho. Nilipomwona amejitayarisha hivyo, nikapunguza mwendo. Nilifikiria mke wa kijana wa duka, na ofisi, na jinsi habari itakavyoshuka mpaka Karatina kabla yangu: Madam alidanganya. Nikakohoa, nikasimama wima, nikaanza kwa Kiswahili cha barua.

"Akina mama, ofisi ingependa kuwajulisha kwamba katika jaribio la fosfeti lililofanyika eneo hili kulitokea hitilafu ya kitaalamu upande wa sehemu ya ulinganisho. Kwa sababu hiyo matokeo yake hayatazingatiwa."

Wanawake waliitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Asante, Madam," kwa sauti ambayo mtu humshukuru karani wa kura. Nusu yao hawakuelewa neno hata moja, na nilikuwa nimehakikisha wasielewe. Mke wa kijana wa duka akamimina maziwa ya aliyefuata.

Yule mama hakusogea kwenye foleni. Alinisemesha taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyekwama. "Mwalimu, sema sasa kwa Kikuyu. Siku ile ulisema kwa Kikuyu."

Foleni ilisimama. Wote waligeuka wakaniangalia, na mke wa kijana wa duka akauweka mkebe chini juu ya jiwe, akangoja. Maneno nilikuwa nayo. Nilikosea; hakuchukua kitu. Mtoto angeyasema.

Nikatazama saa yangu nikasema gari la ofisi linaningoja. Hapakuwa na gari lolote. Walikuwa wameniona nikija kwa miguu tangu kona ya chini, na gambuti zangu zilikuwa na matope mpaka magotini. Wakasogea pembeni kuniachia njia, na yule mama akasogea pamoja nao.